Jumapili kwa miguu na watoto: kutoka Sanamu ya Askari mpaka Kariakoo (uzi mrefu)

MLETA UZI

Assalaam aleikum, na habari za Jumapili wakuu.

Tumerudi nyumbani saa tano hii. Watoto wameoga wamelala, mzee anasikiliza redio barazani, na mimi nimeona niandike sasa hivi mambo yakiwa bado ya moto. Kuna jambo tunalifanya kama familia mara mbili kwa mwezi, na majirani wameniuliza sana, basi naliweka hapa: tunatembea kwa miguu kwenye mitaa ya zamani ya Dar. Hatuendi kununua kitu. Tunatembea, tunasimama, tunatazama, tunauliza, tunakunywa kahawa, tunarudi.

Tuko watano. Mimi, mume wangu, binti wa darasa la sita, kijana wa miaka saba, na baba yangu mzazi mwenye miaka 77. Huyo mzee ndiye aliyetuanzishia safari hizi bila kukusudia. Siku moja binti alikuwa na kazi ya shule ya kuchora ukoo, akamuuliza babu yake kazaliwa wapi. Mzee akajibu, "Kariakoo, Mtaa wa Mahiwa, chumba cha pili mkono wa kushoto ukiingia." Mtoto akauliza, Mahiwa ni nini? Mzee akasema ni jina la mtaa. Mtoto akarudia: sawa babu, lakini ni nini? Hapo mzee akanyamaza. Akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mume wangu. Mtu kazaliwa hapo, kakua hapo, kaoa hapo, na hakuna hata siku moja aliyemwambia jina la mtaa wake limetoka wapi.

Jibu tulikuja kulipata, nitalisema nikifika Kariakoo. Swali lile ndilo lililotutoa nyumbani. Niliona watoto wangu wanajua njia zote za kwenda kwenye maduka makubwa yenye ngazi za umeme, lakini mahali mji wao ulipoanzia wanapapita kwenye gari vioo vimefungwa.

Njia tunayoipenda kuliko zote ndiyo hii. Haifiki kilomita nne, na kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba inachukua saa tatu pamoja na vituo.

Tunatoka Kimara mapema, baada ya swala ya alfajiri na chai, tunapanda mwendokasi la kwenda Kivukoni na kushuka Posta ya Zamani. Jumapili saa moja asubuhi Posta ni mji mwingine kabisa. Hakuna honi, hakuna msongamano, maduka yamefungwa, unasikia kunguru na kengele za kanisa. Mtoto anaweza kusimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu akainua shingo kutazama juu ya jengo, na hakuna mtu wa kumsukuma. Siku ya kazi jambo hilo halipo.

Tukishuka tunapanda Mtaa wa Azikiwe kwenda kwenye Sanamu ya Askari. Wengi wetu tunaitumia kama alama tu, "nikute pale Askari". Nawaomba mara moja msogee karibu. Ni askari Mwafrika wa shaba, ameinama kidogo mbele, bunduki yenye singe ameielekeza upande wa bandari. Iliwekwa mwaka 1927, na mahali hapo hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, Waingereza wakaiondoa. Chini yake kuna maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza, na mengine kwa herufi za Kiarabu.

Binti yangu aliyasoma kwa sauti, taratibu, huku mdogo wake ameshika ukingo wa jiwe. Yanasema ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watayakumbuka majina. Binti akazunguka upande wa pili. Akazunguka tena. Akarudi akaniuliza, "Mama, mbona majina yenyewe hayapo?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tutayatafuta.

Naomba niishie hapa kwanza mtoto mdogo kaamka, nakuja kuendelea.

MLETA UZI

Naendelea.

Kutoka Askari tunarudi chini baharini. Kona ya kwanza unakutana na Kanisa la Azania Front, la Kilutheri, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kuanzia 1898. Sisi ni Waislamu, tunalitazama kwa heshima tukiwa nje, na kila mara tunaanza na paa. Vigae vyekundu, na juu ya madirisha kuna vipaa vidogo vidogo vya vigae hivyo hivyo, kama kope za macho. Kijana wangu ndiye aliyesema kope, na tangu siku hiyo familia nzima tunaliita kanisa la kope. Ukifuata Sokoine Drive unakuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, nalo la Wajerumani, lililoanza kujengwa 1897 na kumalizika 1902. Hapo waumini wanakuwa wanaingia misa, kwaya inasikika mpaka barabarani, na mzee hupenda kusimama kidogo upande wa kivuli asikilize.

Karibu na hapo kuna nyumba ambayo watu wengi wanaipita bila kuiona, Atiman House. Ilijengwa enzi za Sultani, baadaye ikawa ya mapadri wa White Fathers. Jina ni la Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto mdogo huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akaletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko mpaka uzeeni. Alifariki 1956. Niliwasimulia watoto tukiwa tumesimama mbele ya jengo, na binti akaniuliza kama mama yake Atiman aliwahi kujua mtoto wake amekuwa daktari. Haya ndiyo maswali ambayo nyumbani mbele ya runinga hayaji.

Halafu Boma la Kale. Hapa ndipo naomba mkae muda mrefu.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga mji huu miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Alijenga kasri lake, na Boma hili likajengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Majid akafariki 1870, mji ukadorora mpaka Wajerumani walipokuja, na 1891 wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Kasri halipo tena. Boma lipo, na mlango wake wa nakshi bado upo.

Usimwambie mtoto hayo yote kwanza. Mpeleke ukutani. Upande mmoja lipu ilikuwa imebanduka, kipande cha ukubwa wa sahani, na ndani jiwe linaonekana. Kijana wangu alipitisha kidole akasema jiwe lina matundu kama sifongo. Akasogeza jicho. Ndani ya yale matundu kuna michoro ya nyota ndogo ndogo, mistari imetoka katikati imesambaa pande zote. Mzee akamwambia, "Hayo ni matumbawe. Hili jiwe lilikuwa hai, lilikuwa baharini." Mtoto akaitazama bahari ng'ambo ya barabara, akautazama ukuta, akaweka kiganja chake chote pale na hakukitoa mpaka nilipomwita. Historia ya Sultani nilimsimulia baada ya hapo, na aliisikiliza yote, kwa sababu sasa ilikuwa habari ya nyumba iliyotoka baharini.

Ndani ya Boma kuna kituo cha urithi wa majengo, kina ramani za mji na picha za zamani. Kwetu hiyo ni safari ya siku nyingine.

MDAU WA TABATA

Dada hongera sana. Ila niulize jambo la kweli la maisha: choo? Mimi nina wawili chini ya miaka sita, safari ya saa tatu naiona ngumu. Na kigari cha mtoto kinapita?

MLETA UZI

Swali zuri sana hilo, na ndilo linalokwamisha familia nyingi.

Choo: tunapanga kabla ya kutoka. Watoto wanakwenda nyumbani dakika ya mwisho, halafu tunategemea misikiti, vituo vya mafuta, na mgahawa tutakaonywea chai. Ukiagiza chai na vitumbua, mwenye mgahawa hakunyimi choo.

Kigari usibebe. Njia za waenda kwa miguu nyingi zimeegeshwa magari, na mitaro mingine mifuniko yake haipo. Tumia mbeleko. Mwanangu mdogo alipokuwa na miaka minne mume wangu alikuwa anamweka mabegani, na akiwa huko juu aliona vitu ambavyo sisi hatukuviona, hasa miaka iliyoandikwa juu ya nyumba. Kwa watoto wako wadogo kata njia, ishie Boma la Kale mwaka huu, au wapeleke Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho ya Taifa. Bustani hiyo ilianzishwa na Wajerumani 1893, ina kivuli kingi, na kuna tausi wanaotembea bila kuogopa watu.

Jambo lingine, picha. Msipige picha Ikulu, bandari, stesheni, wala jengo lolote lenye askari mlangoni. Sisi siku moja mlinzi wa jengo moja alitusimamisha, akataka nifute picha zote za asubuhi ile, zikiwemo za watoto wakiwa hawapo hata karibu na jengo lake. Nilifuta, na iliniuma. Tangu siku hiyo binti anabeba daftari na kalamu, anachora, na sasa anaangalia vitu vizuri zaidi kuliko alivyokuwa anaangalia na simu.

MLETA UZI

Tuendelee na njia.

Kutoka Boma tunapanda kwenda Mnara wa Saa, uliowekwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Kati ya hapo na Kisutu ndipo watu walipoita Uhindini. Watoto wanacheza mchezo wa kutafuta miaka: juu kwenye paji la nyumba, chini ya kingo za paa, utakuta mwaka wa ujenzi umechongwa, mara nyingi wa miaka ya 1930 na 1940, na pengine jina la familia kwa maandishi ya Kigujarati. Kuna jengo kubwa la Jamatkhana la Ismailia la 1930 lenye mnara wake wa saa, na kuna mtaa wa mahekalu ya Kihindu ambapo harufu ya ubani na maua inakupokea kabla hujafika. Wazee wanakaa vibarazani wanasoma gazeti. Wakiwaona watoto wanawasalimu, na mara mbili wametueleza wenyewe habari za nyumba zao bila sisi kuuliza.

Mchezo wa pili ni vibao vya mitaa. Kila mtoto anachagua jina moja, na mpaka Jumapili inayofuata awe ameleta habari zake. Samora, Nkrumah, Lumumba, Azikiwe, Luthuli, Mirambo, Shaaban Robert, Bibi Titi Mohamed. Binti alichagua Samora, akarudi na habari kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji ambacho Samora Machel alikuja kukiongoza, ilianzishwa hapa hapa Dar mwaka 1962, na ofisi yake ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Tulipopita tena Nkrumah alitembea polepole akitazama kila mlango.

Uhuru inatuleta Mnazi Mmoja. Kwa wasiojua: hapa hapakuachwa wazi kwa ajili ya upepo. Mji wa kikoloni ulikuwa umegawanywa, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja huu ulikuwa nafasi ya kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wengine. Nilipowaeleza watoto, mzee aliwashika mikono, mmoja kushoto mmoja kulia, akavuka nao uwanja mzima bila kusema neno. Walipofika upande wa pili ndipo akasema, "Mimi nilipokuwa na umri wenu nilikuwa navuka kuja huku kununua kitu na kurudi. Kuishi huku, hapana."

Ukivuka tu uko Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kutoka kwenye TAA, chama kilichoitangulia. Kijana wangu alikuwa anaijua Sabasaba kama maonyesho na aiskrimu. Sasa anajua saba ya kwanza ni tarehe na ya pili ni mwezi, na mahali penyewe amepakanyaga.

MDAU MWINGINE

Kwa heshima zote dada, mimi siwapeleki wanangu kwenye sanamu iliyowekwa na mkoloni. Ile ni kumbukumbu ya Mwingereza ya vita ya wazungu. Waanzie Lumumba, inatosha.

MLETA UZI

Nakuelewa ndugu yangu, na mume wangu alisema maneno hayo hayo mwanzoni.

Ila fikiria hivi. Vita ilikuwa yao, waliokufa walikuwa wetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na walibeba pande zote mbili, Mjerumani na Mwingereza. Tukiiacha sanamu kwa sababu aliyeiweka ni mkoloni, na wao tumewaacha. Mimi nataka mwanangu asome maandishi yale, aone kinachokosekana, akasirike kidogo, halafu siku hiyo hiyo, kwa miguu yake, afike Lumumba. Ukianzia Lumumba peke yake hajui watu walikuwa wanatoka wapi.

MDAU WA NAIROBI

Salamu kutoka Nairobi. Nimefurahi sana kusoma. Hapa kwetu tuna Kariokor, jina ni lile lile moja, limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Na sanamu yetu iko Kenyatta Avenue, ya wakati huo huo, lakini yetu ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Nimepita hapo tangu nikiwa shule ya msingi na sijawahi kusimama. Jumamosi hii nitamchukua mtoto wa dada yangu, tuanze kwenye sanamu tuishie Kariokor sokoni. Asante dadangu.

MLETA UZI

Nimesisimka mwili kusoma kwamba yenu ina mpagazi. Tafadhali ukienda rudi utueleze amebeba nini na amesimama vipi, binti anataka kumchora.

Na hilo ndilo linanileta Kariakoo.

Wajerumani walikuwa wameanza kujenga jengo la soko hapo. Vita ikaja, Waingereza wakaingia Dar 1916, na eneo lile wakaliweka wapagazi wao. Carrier Corps ikapita midomoni mwa watu ikawa Kariakoo. Yaani wale "miguu na mikono ya jeshi" tuliowasoma asubuhi kule kwenye sanamu, hapa ndipo walipolala. Mtaa wa biashara kubwa kuliko yote nchini unaitwa kwa jina lao, na kila siku tunalitamka.

Sasa Mahiwa. Shikeni vibao vya Kariakoo: Mahiwa, Narung'ombe, Tandamti. Tulidhani ni majina ya watu, au ya miti, mzee mwenyewe alidhani Mahiwa ni jina la jumbe fulani wa zamani. Yote matatu ni mahali kusini, upande wa Lindi na Kilwa, palipopiganwa vita hiyo hiyo mwaka 1917. Narung'ombe ilikuwa Julai, Tandamti Agosti, Mahiwa Oktoba. Ile ya Mahiwa ilikuwa ya siku nne, na ni kati ya mapigano yaliyoua watu wengi zaidi katika vita yote ya Afrika Mashariki.

Tulipolipata jibu hili tulimweleza mzee pale pale mtaani, chini ya kibao. Leo Mtaa wa Mahiwa ni maghorofa, mabunda ya nguo, na vijana wa mikokoteni wanaopiga mluzi upishe. Nyumba aliyozaliwa haipo. Alisimama muda mrefu akikitazama kibao. Kisha akamwonyesha binti kwa mkono, hewani, nyumba ilivyokuwa: hapa baraza, hapa mlango, korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, nyuma ua na jiko na kisima. "Chumba cha pili mkono wa kushoto," akasema, na mkono wake ukasimama mbele ya lundo la mabegi ya shule.

Soko lenyewe tunalitazama kwa nje. Lilibuniwa na Beda Amuli, likajengwa kati ya 1970 na 1974, na yale mapaa ya zege yaliyofunguka juu kama miamvuli iliyogeuzwa yanafaa kutazamwa na mtoto yeyote anayependa kuchora. Liliungua Julai 2021, na mzee akilipita bado anasema "pole" kwa sauti ya chini, kama anavyompa pole mtu.

Tunamalizia kwa muuza kahawa, vikombe vidogo na kashata, kisha tunapandia Msimbazi.

MDAU MZEE WA ILALA

Binti yangu, umeniliza. Nina miaka 81. Niongeze kidogo kwa faida ya watoto. Uhuru tuliita Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street. Samora ilikuwa Acacia Avenue. Na zile nyumba za vyumba sita alizozieleza baba yako, uzuri wake haukuwa kuta, ulikuwa baraza. Jioni mtaa mzima uko barazani. Ukipita bila kutoa salamu, habari inafika kwa mama yako kabla hujafika wewe. Nakuomba ukienda tena uwatafutie watoto nyumba moja ya namna hiyo iliyobaki, zipo chache bado mitaa ya ndani na Ilala kwetu, wakae barazani hata dakika tano. Mpe salamu baba yako, inawezekana tulicheza mpira pamoja Mnazi Mmoja.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea salamu zako, amecheka, amesema kama ulikuwa unacheza peku basi mnajuana. Jumapili ijayo tunaibadilisha njia, tunaanzia Ilala. Nyumba ya baraza tutaitafuta.

MDAU WA LINDI

Mleta uzi, mimi ni mtu wa Lindi. Mahiwa ni kwetu, ipo barabara ya kwenda Masasi, karibu na Nyangao. Nimekaa Dar miaka kumi na mbili, nimenunua mzigo Mtaa wa Mahiwa mara zisizo na idadi, na sikuwahi kukaa nikajiuliza kwa nini kwetu kumewekwa kwenye kibao cha Kariakoo. Bibi yangu alikuwa akisema zamani kulikuwa na vita "ya Wajerumani", watu walikimbilia porini, njaa ikawa kali. Alikuwa anazungumzia hiyo hiyo. Mwambie mzee akitaka kupaona, lami ipo na wenyeji tupo.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Lindi, ujumbe wako nimeusoma kwa sauti barazani, mzee akazima redio.

Kuna jambo hakuwahi kutusimulia. Babu yake, mzaa baba, alichukuliwa kijijini kwao Uzaramo wakati wa vita ile, akabebeshwa mizigo kupelekwa kusini. Hakurudi. Nyumbani kwao walisema tu "alikwenda kusini", na watoto walizuiwa kuuliza kwa sababu bibi alikuwa analia. Mzee amekua mtaa ulioitwa kwa jina la vita ya huko kusini, bila kujua. Hatusemi alifia Mahiwa, hilo hakuna wa kutuambia sasa.

Amemwita binti alete daftari. Amemtajia jina la huyo babu, jina lake na la baba yake na la kijiji, herufi moja moja, na akamwambia aliandike kwenye ukurasa ule ule aliochora sanamu, chini, pale ambapo majina hayapo.

Sasa hivi anauliza basi la Lindi linaondoka saa ngapi na nauli ni shilingi ngapi. Shule zikifungwa Desemba tutakwenda naye. Nitakutafuta inbox.